Mteremko wa Bi Zaina

Alhamisi, 17 Aprili 1969

Mvua tangu alfajiri. Kuni mbichi, jiko linatoa moshi tu, vyombo vya kuzalishia vimechelewa kuchemka. Nimewaogesha mapacha wa jana. Wa pili ni mdogo mno. Nimemfunga pamba, nikamweka kifuani kwa mama yake. Ananyonya kidogo.

Mchana Rajabu, dereva wetu, amefika kwa miguu, tope hadi mapajani. Gari ameliacha chini. Kona ya Jiwe Jeusi imeporomoka usiku. Haikuzibwa, haipo tena. Anasema ukisimama pale unaona migomba ya watu wa bondeni chini ya vidole vyako. Dawa alizozifuata Mombo kazipandisha kichwani. Baadhi ya chupa zimevunjika.

Tangu Daktari arudi kwao Ulaya wakati wa Krismasi, hospitali hii inapungukiwa kila wiki. Leo imepungukiwa barabara. Nimechoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Pacha mdogo yu hai.

Bwana Afya wa wilaya amekuja kutoka Lushoto. Viatu vyake vya mjini vimekwisha kabisa. Tumekaa naye sebuleni kwa Mchungaji, mimi na Rajabu na mwenyekiti wa chama, Ndugu Hoza.

Habari zenyewe ni hizi. Misheni haijapata daktari mwingine na haitapata. Serikali ilikuwa tayari kutuletea mganga wake. Lakini haimweki mganga, wala haipeleki dawa, mahali ambapo gari halifiki. Greda la wilaya ni moja, nalo liko barabara kuu, kwa maana huko nako kumeharibika. Kama gari halitafika mlangoni kwetu ifikapo Saba Saba, vitanda na meza ya upasuaji vitapelekwa Lushoto. Hapa itabaki zahanati ya kufunguliwa asubuhi.

Aliyasema yote akitazama sahani yake ya viazi. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Sina wa kumchukia.

Jumapili, 20 Aprili

Mchungaji ametangaza kanisani. Msikitini walikuwa wameshasikia tangu jana. Habari hapa Kwembuzi haina dini.

Baada ya ibada Mchungaji ameniita pembeni. Nisiwe na wasiwasi, anasema, wakunga waliosomea ni wachache, nafasi yangu ipo Korogwe. Nyumba yenye umeme, maji ya bomba ndani.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikarudi wodini, nikawakuta kina mama wananitazama, nikashindwa kuwatazama.

Jumatano, 23 Aprili

Rajabu na Ndugu Hoza wameuzunguka mlima kutafuta njia nyingine ya gari. Ipo moja tu. Inapita juu ya kona iliyoanguka, inakata mteremko wa Bi Zaina, inashuka nyuma ya chemchemi na kuungana na barabara ya zamani. Chini yake ni genge. Juu yake ni msitu wa serikali, na mwinuko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili.

Bi Zaina amewajibu akiwa mlangoni. Wanaotembea kwa miguu wapite. Gari, hapana. Akafunga mlango.

Namfahamu kwa salamu tu. Mjane, mrefu, kabeji zake na maharage yake ndiyo mazuri kuliko ya wote gulioni. Huku kwetu hospitalini hajawahi kukanyaga. Watu wazima na ndevu zao wakimtaja hupunguza sauti.

Jumatatu, 28 Aprili

Ndugu Hoza alipiga ngoma ya msaragambo tangu asubuhi. Kila nyumba itoe mtu na jembe, kazi ya wote, ianze upande huu wa mteremko wakati mazungumzo na Bi Zaina yanaendelea. Walikuja Mchungaji, Rajabu, mwalimu wa madrasa, na vijana wachache ambao sidhani kama walijua wameitiwa nini.

Saa sita mwenyekiti alikasirika. Akatangaza faini kwa kila nyumba itakayokosa kesho.

Rajabu alishika kichwa. Jioni ndipo aliponieleza, maana mambo hayo yalipotokea mimi nilikuwa Tanga nikijifunza ukunga. Wakati wa Mwingereza watu wa hapa walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko. Siku za kazi za wiki zilipangwa na ofisi. Asiyechimba, faini. Anayelipa faini akirudia kutochimba, kizuizini. Mteremko ulioleta ugomvi mkubwa kuliko yote ni huu huu. Bi Zaina aliweka jembe chini, akakaa juu ya tuta, akamwambia msimamizi amfukie humo humo. Akapelekwa Lushoto, akafungwa. Mumewe akafa yeye akiwa ndani.

Tangu hapo hajainua jembe kwa amri ya mtu. Uhuru ulipokuja alicheza ngoma kuliko wote, lakini walipoitwa kujenga darasa hakwenda. Alipeleka chakula. Jembe hakupeleka.

Kesho hatakuja mtu. Hata mimi, kama ningekuwa na jembe, nisingekuja.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuja mtu.

Jumamosi, 3 Mei

Jana sikuandika. Sikuwa nimefika nyumbani.

Jana asubuhi aliletwa Halima, mke wa fundi cherehani. Mimba ya kwanza. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia. Nilijaribu yote ninayoyajua. Zamani ningemwita Daktari, naye angefungua chumba cha upasuaji, na saa ileile tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Sasa chumba kimefungwa na ufunguo ninao mimi, na hakuna ninachoweza kukifanya mle ndani.

Tukamweka kwenye machela. Fundi mwenyewe, Rajabu, mwalimu wa madrasa na mwanakwaya wetu mmoja wakabeba. Gari liko chini ya maporomoko. Ilikuwa tufike pale, kisha Lushoto.

Kwenye Jiwe Jeusi tulikwama. Njia ya miguu iliyopita pembeni nayo ilikuwa imeliwa na mvua. Mtu mmoja na mzigo wake angeweza kupita. Machela, hapana. Halima alikuwa ameacha kulia, jambo ambalo sikulipenda.

Bi Zaina alikuwa juu yetu, shambani kwake. Hakuuliza kitu. Alishuka hadi kwenye ua wake wa miti, akaukata kwa panga, akatufungulia. Akatutangulia katikati ya maharage yake, akiyafyeka yaliyokuwa yamesimama na kuyakanyaga yaliyolala, ili wabebaji waone pa kuweka mguu. Upande wa pili panapoteleza aliingia chini ya machela, akashika pembe moja. Miguu mitupu. Mwanakwaya alianguka mara kadhaa. Yeye hakuanguka.

Garini nilidhani atarudi kwake. Akapanda. Akakiweka kichwa cha Halima mapajani pake hadi Lushoto.

Walimpasua. Halima yu hai. Mtoto alikuwa ameshafariki. Wa kiume, mkubwa, hana dosari.

Leo tumerudi na maiti ya mtoto ili azikwe kwao. Fundi alitaka kumbeba, akashindwa. Bi Zaina akamchukua, akamfunga kwa kanga yake mwenyewe, akapanda naye mlima mbele yetu sote. Hakupumzika.

Kwenye Jiwe Jeusi alisimama, akanigeukia.

"Nesi. Mngekuwa na mganga pale juu, huyu angekuwa hai?"

Ningeweza kumwambia ni kazi ya Mungu. Nikamwambia ninavyoamini.

"Ndiyo, mama. Nadhani angekuwa hai."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupanda.

Jumatatu, 5 Mei

Baraza mbele ya ofisi ya chama. Ndugu Hoza aliliita kuzungumzia faini. Watu walijaa, wengi kwa nia ya kuzomea. Mimi nilikwenda na aproni yangu, sikupata muda wa kuivua.

Kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, Bi Zaina aliingia katikati. Watu wakampisha. Ndugu Hoza, ambaye anaweza kuwa mwanawe, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenyekiti, ile faini uliitunga mwenyewe au uliirithi?"

Mwenyekiti alibadilika uso. Nilifikiri ataita mgambo.

"Niliitunga mwenyewe," akasema.

"Basi mwenyewe iondoe."

Ndugu Hoza alimtazama, akawatazama watu. Kisha akavua kofia.

"Nimeiondoa," akasema. "Nilikosea. Atakayeona vema aje. Asiyeona vema akae kwake, hatafuatwa na mtu. Mimi nitakuwepo."

Nimeshawaona wanaume wakivumilia maumivu makali kitandani. Sikumbuki kuona mwanaume akivumilia jambo gumu kama lile, mbele ya watu anaowaongoza. Nilikuwa simpendi. Leo nimempenda.

Bi Zaina hakumsifu. Alisema tu kwamba mteremko ameutoa, na kwamba maharage yake atayang'oa mwenyewe, asiguse mtu.

Jumanne, 6 Mei

Dirisha la wodi ya wazazi linatazama mteremko. Leo kina mama wote walikuwa dirishani, hata yule niliyemkataza kunyanyuka.

Aling'oa maharage tangu asubuhi, peke yake. Yalikuwa yamebakiza muda mfupi tu kukomaa. Aliyafunga mafungu mafungu, akayapanga pembeni. Ndugu Hoza alikwenda akasimama mpakani mwa shamba. Tuliona akiambiwa arudi nyuma. Akarudi nyuma, lakini hakuondoka.

Milima yetu imekaa hivyo, kila mtu anamwona mwenzake. Ng'ambo ya bonde watu walitoka milangoni. Wengine walisogea hadi ukingoni. Hakuna aliyefanya kazi yake.

Alasiri alimaliza. Akaingia nyumbani, akatoka na jembe. Akasimama nalo kitambo, sijui alikuwa akifikiri nini. Kisha akalipiga ardhini.

Mama mmoja mzee aliyelazwa kwa homa alianza kulia. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi popote, mwaka ule wa matuta alikuwepo.

Jumatano, 7 Mei

Wamekuja.

Wanawake kwanza, na watoto mgongoni. Halafu wanaume, mmoja mmoja, kila mmoja kama vile alikuwa anapita tu. Hadi saa nne mteremko mzima ulikuwa unatembea. Majembe, sururu, karai, wengine na mikono yao tu. Waliotoka ng'ambo walivuka mto na maji yako juu.

Rajabu ndiye anayeonyesha njia ipite wapi. Anatembea na mikono ameishika mbele kana kwamba ameshika usukani, anaegemea huku, anaegemea kule, anasema hapa atakata kona, hapa hawezi. Watu wanamcheka, yeye hajali.

Mchana waliimba wimbo uliokuwa ukiimbwa zamani kumcheka msimamizi wa matuta. Jina la msimamizi wamelitoa, wameweka la Ndugu Hoza. Alikuwa amebeba karai la udongo. Alicheka hadi udongo ukamwagika. Bi Zaina naye alicheka. Ni mara ya kwanza kuona meno yake.

Jumapili, 11 Mei

Kazi haina siku ya kulala. Ijumaa Waislamu walipokwenda msikitini, Walutheri walibaki kuchimba. Leo sisi tulikuwa ibadani, na kutoka kanisani tulisikia majembe ya wenzetu. Mchungaji alifupisha mahubiri. Hajawahi.

Fundi cherehani ametoa mbuzi wake. Mwalimu wa madrasa amechinja, ili wote tule chungu kimoja. Wanawake wa kwaya wakapika makande.

Halima amerudi toka Lushoto. Amepanda taratibu, akipumzika kila kona. Alipofika mteremkoni alikaa kwenye majani karibu na Bi Zaina. Hawakuzungumza sana. Baadaye nikamwona akipanga mawe madogo pembeni mwa barabara kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika tumbo. Nilimkemea. Akaniamkia kwa adabu, akaendelea kupanga.

Alhamisi, 22 Mei

Msiba. Hakuna aliyekufa, lakini ni msiba.

Mvua ya jana na juzi imeushusha udongo wote wa upande wa juu. Kipande kirefu cha barabara kimefukiwa. Kazi ya watu wote wale. Watu walikuja, wakatazama, wakarudi makwao.

Korogwe wanataka jibu langu. Leo mchana nililitunga kichwani. Nakubali, nashukuru, nitaripoti siku mtakayonipangia. Liko tayari kabisa.

Jioni nilichukua dawa ya vidonda nikaenda mteremkoni, kwa kuwa sikutaka kukaa ndani. Bi Zaina alikuwa amekaa kwenye jiwe anakula hindi la kuchoma. Rajabu alikaa mbali kidogo, amekata tamaa. Nikamwambia mama yule pole.

"Udongo hauna ugomvi na mtu," akasema. "Tumeukata wima, maji yakatafuta pa kushukia. Huku juu panataka matuta."

Rajabu aliinua kichwa. Mimi nilidhani sikusikia vizuri.

"Matuta, mama?" nikauliza.

"Matuta. Yale yale." Akatupa gunzi. "Waliyosema Waingereza habari ya maji hayakuwa uongo. Hata siku ile nilijua si uongo. Ila walidhani sisi ni watu wa kuamriwa tu, hatuwezi kuelezwa. Mimi nilikataa hilo, si tuta."

Nimerudi nyumbani. Kafungwa kwa ajili ya kitu hiki. Mumewe kafa. Na bado ameweza kutenganisha lililo kweli na lililo uonevu, akachukua moja akaacha jingine. Sijui kama mimi ningeweza. Nadhani ningechukia vyote pamoja hadi kufa.

Jumamosi, 24 Mei

Amepita nyumba kwa nyumba, jana na leo. Hahubiri. Anakaa, anasalimia, anauliza hali, halafu anaeleza maji yanavyoshuka na tuta linavyoyashika. Anachora kwa kidole kwenye vumbi la uani. Anayetaka kubisha, anamwacha abishe hadi amalize.

Mwanamke mmoja wa ng'ambo alimwambia usoni kwamba amewasaliti. Alikaa naye tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwanamke huyo leo ameonekana mteremkoni na jembe.

Jumatano, 4 Juni

Matuta matatu yamekamilika juu ya barabara, na majani yameshapandwa kwenye kingo. Mvua ilinyesha jana. Udongo haukushuka.

Nimewajibu Korogwe. Siendi. Sikusali wala kuomba ushauri. Nilikuwa nafunga kitovu cha mtoto na nikajua.

Alhamisi, 19 Juni

Baridi kali. Ukungu hauondoki hadi saa tano, watu wanachimba bila kuonana, wanaitana kwa sauti. Wodini nimeziba madirisha kwa magunia.

Palikuwa na mwamba katikati ya njia. Juzi waliwasha moto juu yake kutwa, wakaumwagia maji baridi, ukapasuka kwa mlio mkubwa. Ndugu Hoza alikuwa karibu mno, kipande kikamkata bega. Nimemshona. Aliuliza kama mkono utainua karai. Nikamwambia si wiki hii. Kesho yake nikamwona anabeba kwa bega la pili.

Nimefunga viganja vingi mwezi huu kuliko nilivyozalisha. Wanakuja na malengelenge, wanakaa kwenye benchi na kucheka. Sijawahi kufanya kazi nikiwa na furaha namna hii. Nimeandika. Basi.

Jumamosi, 5 Julai

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mganga Mkuu wa Wilaya alikuja ndani ya gari letu, Rajabu akiendesha. Watu walijipanga tangu chini hadi mlangoni petu. Nilikuwa nimevaa sare mpya.

Usiku palinyesha manyunyu. Sehemu kubwa gari lilipanda vizuri. Penye mwinuko wa mwisho, juu ya chemchemi, magurudumu yakaanza kuteleza. Gari likasimama, likarudi nyuma kidogo. Vijana wakaruka mara moja, wakaegemeza mabega, wakaanza kusukuma. Lilianza kupanda.

"Acheni," Bi Zaina akasema.

Hakupaza sauti. Wakamtazama.

"Liacheni. Siku akiletwa mgonjwa wa haraka, nani atakuwa hapa kusukuma? Likishindwa, tujue limeshindwa."

Nilimchukia kwa muda huo. Naandika ukweli. Hatua chache zilikuwa zimebaki. Mganga Mkuu alikuwa amefungua kioo, anasikia yote. Tungeweza kusukuma, tungeweza kupiga vigelegele, na nani angetulaumu?

Vijana waliondoa mabega. Rajabu aliliachia gari lirudi hadi penye tambarare, akazima. Watu wakasimama bila kujua la kufanya. Ndugu Hoza akainama, akaokota jiwe, akaliweka kwenye mfuo wa gurudumu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mawe ya chemchemini yalipitishwa mkono kwa mkono. Wanawake walimwaga changarawe kwa kanga. Mganga Mkuu alishuka garini, akasimama pembeni, kisha akavua koti akajiunga na mstari. Alikuwa nyuma yangu. Alinipa mawe na mimi nikampa Halima.

Jua lilikuwa limeshapinda Rajabu alipowasha tena. Tulirudi kando sote, mikono nyuma. Gari lilikoroma, likateleza kidogo, likashika. Likapita. Lilipita mbele yetu likaendelea hadi mlangoni pa hospitali na hakuna mtu aliyeligusa.

Hakuna aliyeshangilia mwanzoni. Nadhani hatukuamini. Kisha mama mmoja kutoka dirishani wodini akapiga kigelegele.

Mganga Mkuu alizungumza kwa ufupi. Amesema vitanda havitaondoka. Mganga atakuja mara baada ya sikukuu. Amesema ameziona barabara nyingi zilizosukumiwa magari siku ya ukaguzi.

Alimtafuta Bi Zaina ampe mkono. Alikuwa ameshaondoka.

Jumanne, 8 Julai

Sikukuu ya jana ilikuwa kubwa. Ngoma, hotuba, kwaya na kaswida jukwaa moja. Ndugu Hoza alimwita Bi Zaina mbele, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuwepo. Akasema basi tusimame tu kidogo kwa ajili yake. Tukasimama.

Nimesikia alikuwa shambani kwa fundi cherehani, anamsaidia Halima kupalilia. Halima hajapata nguvu za kuinama.

Jumatatu, 11 Agosti

Mganga mpya ana wiki yake ya kwanza. Kijana wa Kizanaki, mwangalifu, ananawa mikono muda mrefu. Kina mama bado wanamwonea aibu. Watazoea.

Foleni ilikuwa ndefu leo. Karibu na saa tano niliinua macho nikamwona Bi Zaina kwenye benchi, mwishoni kabisa, mikono ameiweka mapajani. Nilikwenda kumwamkia, nikamwambia apite mbele. Waliokaa mbele yake nao walisimama kumpisha. Akasema hapana, amekuja wa mwisho, na wengine wana watoto. Wakakaa. Naye akangoja, kila benchi liliposogea akisogea nalo.

Zamu yake ilifika alasiri. Nilikuwepo ndani. Mganga akamwamkia, akamuuliza jina, umri, anaumwa nini. Umri hajui. Mabega na mgongo. Mganga alimpima, akamwandikia dawa ya kuchua, akamweleza polepole kwamba kwa umri huu asifanye kazi nzito. Kulima kidogo kidogo tu. Asiinue mizigo.

Nilitaka kumwambia mganga ni nani amekaa mbele yake. Nilifungua mdomo. Bi Zaina akanitazama, nikaufunga.

"Nimesikia, mwanangu," akamwambia. "Umenieleza vizuri. Hongea," akamshukuru kwa Kisambaa.

Nilimsindikiza hadi nje. Gari lilikuwa limesimama mlangoni, Rajabu anashusha maboksi. Bi Zaina alilipita, akashuka taratibu, chupa ya dawa ameishika kwa mikono miwili.

Nikarudi ndani. Palikuwa na mama mwenye uchungu tangu mchana, mtoto amezaliwa jioni. Wa kike. Amelia papo hapo.